Kuchonga nanasi, konokono na sega la nyuki: niliyojifunza kwenye gogo

Mi ni mchongaji. Nilianzia Mwenge pale Dar kwenye vibanda vya vinyago, saivi nafanyia kazi Bagamoyo, na siku hizi twiga na tembo nimeachana nao kabisa, nachonga maumbo tu, nanasi, konokono, sega la nyuki, ua la alizeti, vitu ambavyo ukivikazia macho unakuta vina hesabu ndani yake. Watu wanaopita kibandani huwa wananiuliza hizi dizaini unazitoa kwenye simu au? Hapana, nazitoa sokoni, shambani, kwenye mashamba ya chumvi na kwenye kuni za jirani, na kwa kuwa kuna vijana kadhaa wananifuata wanataka kujua waanzie wapi nimeona bora niandike yote kwa pamoja hata kama itakua ndefu.

Fundi aliyenilea kwenye hii kazi ni mzee wa Kimakonde wa kutokea Newala. Wamakonde mambo ya maumbo hawajaanza leo, ukiacha ujamaa zile nguzo za watu waliobebana na ukiacha shetani, zile za viumbe wa ajabu, wana staili inaitwa mawingu, haina mtu wala mnyama, mti unapinda unatoboka unajirudia wenyewe, na mtu anaweza kukaa anaiangalia asichoke. Kwahiyo mzee hakushangaa niliposema nataka maumbo ya vitu vya shambani na baharini. Ila alikua na swali lake moja, kila kazi niliyompelekea ataigeuza, atapitisha kidole gumba, afu anauliza, "Mwanangu, hili limeota hivi au umelichora wewe?" Basi, haongezi neno.

Nimekaa na hilo swali muda mrefu na ndo limenifundisha kuliko kitu kingine chochote. Kitu kilichoota kina sababu ya kila nundu na kila shimo, kilianzia sehemu fulani kikaongezeka kwa utaratibu mmoja mpaka kikafika hapo, na mtu akikishika hata kama shule hakwenda anahisi, vidole vinajua. Kitu kilichochorwa juu juu kinaweza kua na nakshi nzuri sana lakini kimesimama tu. Kwahiyo mi kabla sijashika tezo, lile shoka dogo la kuchongea, natafuta kwanza ule utaratibu, yani hili umbo lilianzaje, linaongezeka upande gani, na nini kinalilazimisha liwe hivi lisiwe vile.

Nanasi ndo lilinifungua zaidi. Kiwangwa iko hapa hapa wilaya ya Bagamoyo na nanasi za kule kila mtu wa Pwani anazijua, nikawa naenda nachagua nageuza nahesabu mpaka dada mmoja muuzaji akaniambia, "Kaka, nanasi halihesabiwi macho, linanuswa." Nilipomueleza nachotaka akanionesha kitu ambacho hakipo kwenye hesabu yoyote, akaliweka nanasi mkononi kwangu akasema pitisha kidole kuanzia chini kwenda juu, na kweli macho ya chini yalikua mapana na yamelala, ya juu karibu na taji bado madogo yana ncha, kwa sababu nanasi linaiva kuanzia chini. Kila jicho lilikua ua moja la zambarau, na hayo maua nayo yalichanua kwa mpangilio huo huo wa chini kwenda juu, baadae yote yakaungana yakawa tunda moja. Yani umri wa tunda unausoma kwa kidole.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua nanasi na maka peni, chagua mstari wa macho unaopanda kwa mshazari uliolala kidogo, uweke alama, hamia wa jirani yake, zunguka tunda lote mpaka urudi ulipoanzia, mara nyingi utapata mistari 8. Geukia upande wa pili kuna mistari imesimama zaidi, hiyo utapata 13. Afu kuna mingine imesimama kabisa karibu iwe wima, hiyo ni 21. Nanasi dogo linaweza kukupa 5, 8 na 13. Hizo namba zinatoka kwenye mnyororo mmoja, 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, na Leonardo wa Pisa kule Italia aliuandika mwaka 1202 kwenye fumbo la sungura wanaozaana, wala hakua anaongelea nanasi.

Kwanini nanasi lifuate hizo namba? Nanasi halihesabu. Kinachotokea ni kwamba kwenye ncha inayokua kila kichipukizi kipya kinatokea pale penye nafasi zaidi, mbali na vile vilivyotangulia hivi karibuni, na ukiendelea hivo hivo kila kipya kinakaa kwenye pembe ya digrii 137.5 hivi kutoka kwa aliyemtangulia. Mwaka 1992 Wafaransa wawili, Stéphane Douady na Yves Couder, walidondosha matone ya kimiminika chenye sumaku katikati ya sahani yenye mafuta, matone yanasukumana yenyewe kwa yenyewe na yanavutwa kwenda ukingoni, na yakajipanga kwenye misokoto ile ile ya mimea. Hamna mbegu pale, hamna jani, ni kusukumana tu. Niliposoma hilo ndo nikapata jibu la swali la mzee, umbo halijabandikwa juu ya nanasi, limetokana na kubanana.

Jinsi ninavyolihamishia kwenye gogo ni hivi, na hapa nitaenda polepole maana ndo penyewe. Gogo langu la mfenesi, ule mti wa njano, nalichonga kwa tezo mpaka liwe duara zuri lenye mzingo wa sentimita 60. Nazungushia karatasi ya manila, naifunga kwa selotepu, afu naitoa naitandaza mezani, sasa nina mstatili wenye upana wa sentimita 60. Digrii 137.5 ukiigawa kwa 360 unapata 0.382, kwahiyo kwenye mzingo wa sentimita 60 kila jicho linahama sentimita 22.9 kwenda kulia na linapanda juu milimita 2.5 tu, ukifika mwisho wa karatasi unaanzia mwanzo upande wa kushoto unaendelea. Alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwanzoni hauoni kitu, ni vidoti vimetawanyika hovyo mbalimbali, unaweza kudhani unapoteza muda. Ukishapita alama ya ishirini hivi vinaanza kukaribiana, na ukifika hamsini mistari inatokea yenyewe, hamna aliyeichora. Angalia sasa jirani wa alama namba 1, upande mmoja ni namba 9 na upande wa pili ni namba 14, tofauti ni 8 na 13. Na umbali wa kila mmoja unakaribia sentimita 4, karibu sawa sawa kabisa, kwahiyo macho yanajaa bila pengo.

Afu fanya na hili, maana lilinikalisha chini. Chukua karatasi nyingine weka hatua ya sentimita 22.5 badala ya 22.9, milimita nne tu umepunguza. Macho yote yanajipanga kwenye nguzo nane zilizonyooka wima, ndani ya nguzo yamebanana mpaka yanapandana na kati ya nguzo na nguzo kuna uwazi mkubwa usio na kitu. Nilizibandika hizo karatasi mbili ukutani kibandani na bado zipo, kijana akija kujifunza namuonesha hizo kwanza, namuambia milimita nne ndo tofauti ya kilichoota na kilichopangwa.

Kuchonga kwenyewe, unapitisha patasi kwenye mistari 8 yote kwanza, afu kwenye 13, unabaki na vipande vya msambamba vimekaa mshazari, halafu ule mstari wa tatu wa 21 ndo unakata zile kona na kila jicho linapata pembe sita. Ila mfereji wa mshazari kwenye mbao una ujanja wake, ukuta mmoja wa mfereji unakatika vizuri ukisukuma patasi kwenda chini na ukuta wa pili ukisukuma uelekeo huo huo nyuzi za mti zinanyanyuka zinachanika, kwahiyo kila mfereji unaukata mara mbili, mara moja unashuka mara moja unapanda, gogo zima. Ni kazi. Mfenesi ukiwa mbichi una ulimbo unagandia kwenye patasi mpaka ufute na mafuta ya taa kila saa, lakini rangi yake inalipa, inaanza njano inaenda inakua kahawia ya asali. Macho ya chini nayalaza, ya juu nayaacha na ncha, hilo ni la yule dada wa Kiwangwa.

Konokono ni habari nyingine. Hawa konokono wakubwa wa nchi kavu ni wa kwetu huku Afrika Mashariki, kwingine duniani wamepelekwa na wamekua viumbe waharibifu, hapa ukitoka asubuhi baada ya mvua wapo, na maganda matupu yamejaa chini ya migomba. Ukitaka kumuelewa chukua ganda tupu lisugue kwa ubavu juu ya msasa namba 80 uliogundishwa kwenye ubao, sugua taratibu na maji mpaka nusu nzima iishe, ndani utakuta nguzo moja ya katikati inapanda imejisokota na vyumba vinazunguka vikiongezeka ukubwa kuanzia nchani mpaka mdomoni. Konokono hajengi kokote isipokua mdomoni, anaongeza ukingo tu, ya zamani haigusi. Na kwa sababu kila mzunguko unazidi uliotangulia kwa kiasi kile kile, yani kwa kuzidisha na sio kwa kujumlisha, konokono mdogo na mkubwa wana umbo moja.

Hapo kwenye kuzidisha na kujumlisha ndo wachongaji wengi tunapishana na konokono. Ukili wa mkeka ukiuviringisha, mizunguko yake inapishana kwa upana ule ule kuanzia kati mpaka nje, hiyo ni kujumlisha. Konokono sio ukili. Kuna mwanahesabu wa Uswisi, Jakob Bernoulli, alikufa 1705 pale Basel, aliipenda hii misokoto ya kuzidisha mpaka akataka ichongwe kwenye kaburi lake, na fundi mawe akachonga ile ya ukili, mpaka leo iko kwenye jiwe kanisani kule Basel. Mi namuelewa kabisa yule fundi, mkono ukizoea bikari na kamba unakwenda wenyewe kwenye nafasi zinazolingana. Dawa yake ni kuandika vipimo kabla, mi natumia moja na nusu, chumba cha kwanza sentimita 1, kinachofata 1.5, kinachofata 2.25, halafu 3.4, halafu 5.1, halafu 7.6, na kila kimoja nakipima na kalipa, kile kipimo cha taya mbili, wakati nachonga, jicho siliamini hata kidogo kwenye hili. Konokono nachonga kwa mpingo maana mpingo hauchaniki ovyo na unakubali kung'aa, ni mzito mpaka ukiutupa kwenye maji unazama, namaliza na msasa wa 400 na nta ya nyuki. Ule weupe wa pembeni wa mpingo nauacha kwenye mdomo wa ganda, pale ambapo konokono anajenga sehemu mpya, kwa sababu kwenye mti nako weupe ndo sehemu iliyoota karibuni.

Nikitaja nta lazima nije kwenye sega. Pembe sita za nyuki kila mtu anazijua, na ile hoja kwamba ndo njia ya kugawa eneo kwa vyumba sawa ukitumia ukuta mfupi kuliko njia zote ilisemwa tangu kale lakini uthibitisho kamili wa kihesabu ulikuja 1999, wa Thomas Hales, Mmarekani. Kwenye mbao sega lina mtihani mmoja mkubwa ambao ni uelekeo wa nyuzi. Ukichimba vyumba kwenye ubavu wa gogo, baadhi ya kuta zinakua zimekatwa kukatiza nyuzi, ukuta wa milimita tatu unakatika kwa kuguswa tu. Ukichimba kwenye kichwa cha gogo, pale lilipokatwa na msumeno, kuta zote sita zinasimama na nyuzi na unaweza kuzichonga nyembamba mpaka mwanga upenye kwenye kingo. Kwahiyo sega zangu zote zinaangalia juu, natoboa kwanza na drili katikati ya kila chumba afu nafungua pembe kwa patasi bapa nyembamba.

Na kuna raha yake hapo, sababu kichwa cha gogo chenyewe ni vyumba. Kata mti vizuri kwa wembe, weka lenzi ya kukuza, utaona vitundu vimejipanga, ni mirija ya mti imesimama. Robert Hooke wa Uingereza mwaka 1665 aliangalia kipande cha koki kwa hadubini akaona vile vyumba akaviita kwa jina la vyumba vidogo, ndo hizi seli tunazosoma shuleni. Yani nachonga sega la kuonekana kwa macho ndani ya sega lisiloonekana. Mi hiki kitu kinanifurahisha kila ninapokifikiria.

Sasa kuhusu nyufa, maana umbo la mti lenyewe usipolijua maumbo yako yote yatapasuka. Mti ukikauka unasinyaa, lakini hausinyai sawa pande zote, kwa kuzunguka duara unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye kiini. Duara linataka kua fupi kuliko kipenyo kinavyoruhusu, kinachobaki ni kupasuka, na ufa siku zote unaelekea kwenye kiini. Hiyo nayo ni jiometri, na haina huruma. Mafundi ngoma wa hapa Bagamoyo wameijua siku zote kwa sababu gogo la ngoma linachimbwa ndani lote, kiini kinaondoka, ukuta unabaki na uhuru wa kusinyaa. Niliwaangalia wanavyofanya nikachukua, nanasi zangu kubwa sasa zote ni tupu ndani, nachimba kiini kwa chini, vichwa vya gogo napaka nta au rangi ya mafuta ili maji yasitoke haraka kwa huko, na naliacha gogo kivulini, juani kamwe. Kwa mpingo nachagua kipande kisicho na kiini kabisa, napasua gogo nachukua upande.

Chumvi nitaigusa kidogo tu. Nunge hapa kuna mashamba ya chumvi na ukiokota chembe kubwa unakuta ni kisanduku chenye pembe mraba kabisa, na nyingine zimebonyea katikati zina ngazi ngazi zinashuka, hiyo ni kwa sababu kona na kingo zinakua haraka kuliko uso. Nimeichonga kwa mninga. Umbo lililonyooka ni gumu kuliko lililopinda, nusu milimita tu inaonekana mpaka ng'ambo ya barabara, na mti ukihema kidogo wakati wa masika pembe mraba inakua sio mraba tena. Bado naitafutia mti wake.

Kwa sasa mezani nina ubao wa duara wa mninga mkavu, kipenyo sentimita 30, wa alizeti. Kwenye ua bapa utaratibu ni ule ule wa digrii 137.5 ila badala ya kupanda juu unatoka nje, na umbali kutoka katikati ni kipeuo cha pili cha namba ya mbegu, mbegu ya 4 inakaa sentimita 2, ya 9 inakaa sentimita 3, ya 100 sentimita 10, na ya 200 sentimita 14 na kidogo, ndo inaishia ukingoni. Ukiweka hivo kila mbegu inapata eneo sawa na mwenzake kuanzia kati mpaka nje. Karibu na kati nimeshahesabu misokoto 8 na 13, na ukienda ukingoni imebadilika yenyewe ni 21 na 34, na pale inapobadilikia ndo ninapotaka kupaonesha, nafikiria kuchimba mbegu za pale kwa kina zaidi ili kivuli kionekane. Mwenye kutaka kujaribu aanze na karatasi, kipima pembe na kalkuleta ya simu, mbegu mia mbili zinamalizika kwa jioni moja, afu ndo atafute ubao.